Shukrani Yenye Sindano Mkononi

Dumila ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma inapita katikati yake, na hapohapo inachepuka nyingine kushika Rudewa, Kilosa, hadi Mikumi. Malori hupumzika, mabasi hushusha na kupakia, wakulima wa Magole na wa vijiji vya kuelekea milima ya Ukaguru huleta nyanya, vitunguu na mahindi. Kinachotoka Dumila kwenda mijini ni chakula. Kinachoingia, pamoja na mengine mengi, ni belo la mitumba.

Mazungumzo ya leo yanalifuata belo hilo: linatoka wapi, linafikia mikono ya nani, na kwa nini Mkristo anayenunua shati lililokwisha kuvaliwa na mtu asiyemjua ana sababu ya kushukuru na ana kazi ya kufanya.

Belo la kawaida lina uzito wa kilo 45 hivi, limebanwa kwa mashine na kufungwa kwa mikanda. Nyuma yake kuna safari ndefu. Mtu wa Ujerumani, Uingereza, Marekani, au miaka ya karibuni China, ametoa nguo asizozihitaji tena. Kampuni za kuchambua zimezitenga kwa aina na kwa daraja, kontena limeshushwa bandari ya Dar es Salaam, wafanyabiashara wa jumla wamegawana, na basi la mikoani limelishusha belo moja kando ya lami. Muuzaji wa mji mdogo amelinunua bila kuona ndani yake, mara nyingi kwa mkopo wa kikoba. Akikata mikanda anaweza kukuta magauni mepesi ya pamba yasiyo na doa hata moja. Anaweza pia kukuta makoti ya baridi kali, na joto la Kilosa halina huruma kwa muuza makoti.

Wanunuzi nao wana ujuzi wao. Anayewahi belo linapofunguliwa huchagua kilicho bora na hulipa zaidi. Anayesubiri jioni hupata bei ya chini, ila huchagua katika mabaki. Mama mwenye jicho zuri hagusi kitu kabla ya kukagua kwapa, kola, sehemu za mapajani na zipu. Huivuta nguo kidogo kwenye mshono asikie kama uzi umechoka. Huinyanyua kuelekea jua, kwa sababu kitambaa kilichosagika huonyesha mwanga. Ukaguzi huo wa dakika moja ni elimu kamili ya uchumi wa nyumbani, na haijapata kufundishwa kwenye darasa lolote.

Kizazi kilichozaliwa na kukulia kati ya mitumba kinaweza kudhani kwamba ilikuwepo siku zote. Haikuwa hivyo. Wazee wa Kilosa wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambapo maduka yalikuwa matupu na foleni zilipangwa kwa ajili ya sabuni, sukari na kitambaa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi waliokuwa wakificha bidhaa. Tarehe 12 Aprili 1984 kiongozi huyo alikuwa akirudi Dar es Salaam kutoka Dodoma kwa barabara hii hii. Alipita Dumila, na mbele yake, eneo la Wami Dakawa, akafariki katika ajali ya gari. Mwaka huohuo serikali ilianza kulegeza masharti, ikawaruhusu wenye fedha za kigeni nje ya nchi kuziagizia bidhaa. Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani Novemba 1985, mlango ulizidi kufunguka, na mitumba ikajaa masoko ya mikoani.

Mkoa wa Morogoro una ushahidi wake mwingine juu ya habari ya mavazi. Katika miaka ya 1970 ulipangwa mradi wa kiwanda kikubwa cha viatu mjini Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lengo lilikuwa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya viatu hivyo ilikusudiwa kuuzwa Ulaya. Uzalishaji haukufikia hata sehemu ya kumi ya lengo hilo, na kufikia mwaka 1990 mashine zilikuwa zimenyamaza. Viatu vilivyotarajiwa kwenda Ulaya havikwenda. Badala yake viatu vya Ulaya vilivyokwisha kuvaliwa vikaja Morogoro ndani ya mabelo. Wafugaji wa mbuga za Kilosa na Mvomero wao waliendelea kuvaa katambuga, kiatu kinachokatwa kwenye tairi kuukuu la gari kwa kisu kikali, kikapigiliwa misumari, na ambacho mwiba wa mgunga haukipenyi kwa urahisi.

Katambuga ni mahali pazuri pa kuanzia kumwelewa fundi wa hapa. Tairi limemaliza kazi ya lori, limeanza kazi ya mguu wa mtu. Tyubu yake hukatwa mikanda ya kufungia mzigo kwenye baiskeli. Ringi ya gurudumu hupata miguu mitatu ya chuma ikawa jiko la mkaa la muuza chipsi. Kopo la rangi la lita 4, sado, limegeuka kipimo cha nyanya na vitunguu katika masoko ya nchi nzima. Dumu la mafuta ya kula la lita 20 likiisha mafuta linateka maji kwa miaka, na likipasuka hukatwa ubavuni, likajazwa udongo na mbolea ya samadi, likaoteshwa mchicha na sukuma wiki mlangoni. Juni 1, 2019 Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, nyumba zilizokuwa na desturi ya kuhifadhi viroba vya unga na vikapu vya ukindu hazikuhangaika sana kutafuta cha kwendea sokoni.

Kwenye nguo ufundi ni mkubwa zaidi, na hapa ndipo mtumba unapopata maisha ya pili, ya tatu, hata ya nne. Suruali ya jinzi iliyochanika magoti hutoa kaptula ya mtoto, na vipande vilivyobaki hushonwa mkoba wa daftari ambao hautachanika hadi mtoto amalize darasa la saba. Shuka pana la pamba lililochoka katikati, kwa sababu hapo ndipo watu hulala, hukatwa katikati, kingo zake ngumu zikaunganishwa, likarudi kitandani. Likichoka tena linatoa foronya mbili. Sweta la mtu mzima lenye tundu la kiwiko hufumuliwa, uzi ukafuliwa na kunyooshwa, kisha ukafumwa kofia na soksi za mtoto mchanga. Mapazia mazito ya mtumba hugeuka vitambaa vya viti. Shati jeupe lililosagika kola hupelekwa kwa fundi cherehani, anaifumua kola, anaigeuza upande wa ndani uje nje, na anairudishia. Kinachobaki baada ya yote hayo kinakuwa dekio.

Mitumba inahitaji usafi kabla ya yote. Mwenye busara hukiloweka kitu chochote cha mtumba kwa maji ya moto na sabuni, akakianika juani pakavu, akakipiga pasi pande zote mbili hasa kwenye mishono. Pasi si urembo tu. Wapo nzi wanaotaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa kivulini, na funza wao huingia kwenye ngozi ya mvaaji. Joto la pasi ya mkaa huyaua mayai hayo. Kuhusu nguo za ndani, Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limekwisha kupiga marufuku kuuzwa kwa zile zilizotumika, na hilo halina mjadala: uwekevu hauanzii mahali ambapo afya inaishia.

Sasa, shukrani inaingiaje?

Injili ya Yohana, sura ya sita, inasimulia jinsi Bwana Yesu alivyowalisha maelfu kwa mikate mitano na samaki wawili. Alishukuru kabla ya kugawa. Na watu walipokwisha kushiba, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee kitu. Wakajaza vikapu 12. Msikilizaji anayesoma simulizi hili polepole ataona kwamba yule aliyetoka kuzidisha mikate mbele ya macho ya watu angeweza kuyaacha makombo yalale chini na watu waondoke zao. Mwenye uwezo wa kupata kingi kesho ndiye aliyehesabu vipande vya leo. Kwa hiyo kukusanya mabaki hakutoki katika hofu ya kupungukiwa. Kunatoka katika heshima kwa kitu kilichotolewa shukrani: kikiisha kupokelewa kama zawadi, hakitupwi kama takataka.

Hapo ndipo uwekevu wa Mkristo unapoachana na uchoyo, ingawa kwa nje vinafanana. Mchoyo huhifadhi nguo kabatini hadi ziliwe na nondo. Mwekevu mwenye shukrani huzitengeneza ili zitumike, na zikimzidi huzipitisha. John Wesley, mhubiri wa Uingereza wa karne ya 18, alitoa hubiri mashuhuri juu ya matumizi ya fedha akiweka kanuni tatu: mtu achume kadiri awezavyo kwa njia ya haki, aweke akiba kadiri awezavyo, atoe kadiri awezavyo. Uzeeni alisikitika kwamba wafuasi wake wengi walizishika mbili za kwanza na kuisahau ya tatu. Sikitiko lake linawahusu hata wale wanaojivunia kununua gauni kwa bei ya jioni. Kama nafuu hiyo imeishia kwenye kuongeza gauni la kumi na tano kabatini, kilichopatikana ni wingi wa nguo. Nafuu iliyogeuka daftari la mtoto, dawa ya mgonjwa au sadaka imepata njia yake.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya tisa, kinamtaja Dorkasi wa Yafa, aitwaye pia Tabitha. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea alipokuwa hai. Wajane hawakutaja maneno aliyowahi kusema. Walishika nguo. Ushahidi wa imani yake ulikuwa wa kushikika kwa mikono, mshono kwa mshono, na kila mjane alijua lake ni lipi. Dumila, Kilosa na Mikumi zina wanawake wa aina hiyo katika kila usharika na parokia. Wapo Wakatoliki wa WAWATA, umoja ulioanza mwaka 1972, wapo akina mama wa umoja wao katika Kanisa Anglikana, wapo wa makanisa ya Kilutheri na ya Kipentekoste. Wengi wana cherehani ya mguu nyumbani, na mlango wao haukosi mtoto aliyetumwa na mama yake na suruali ya kurudishia zipu.

Lakini shukrani inaweza kutumiwa vibaya, na jambo hili linahitaji kusemwa wazi redioni. Mara nyingine maskini huambiwa ashukuru kwa kila anachotupiwa. Muuzaji anayefungua belo na kukuta nguo zilizochanika na zenye mafuta ya gereji amepata hasara aliyotengenezewa na mwingine, na kumwambia ashukuru ni kumdhulumu mara ya pili. Kumshukuru Mungu kwa riziki hakumzuii mtu kudai mzigo wa haki kwa fedha yake. Ruthu aliokota masazo shambani mwa Boazi kwa unyenyekevu, na Boazi aliwaagiza watu wake wachomoe masuke katika matita na kumwachia kwa makusudi. Anayetoa ana wajibu juu ya ubora wa anachotoa.

Serikali za Afrika Mashariki zimeligusa suala hili kwa upande wa siasa. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuachana hatua kwa hatua na nguo na viatu vya mitumba ili kuvipa nafasi viwanda vya ndani. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani walilalamika, na serikali yao ikatishia kuondoa nafuu ya kuuza bidhaa huko chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ilisimama, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Mkulima wa pamba na fundi wa kiwandani wana hoja yao, na hoja hiyo ni ya haki. Kilosa inaielewa, maana kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga kimewahi kushughulikia mbegu za pamba za ukanda wa mashariki. Mama mwenye watoto watano na shamba la ekari moja naye ana hoja yake. Sera njema itawatazama wote wawili.

Kampala kumetoka jibu la namna nyingine. Mbunifu wa mavazi Bobby Kolade, kupitia chapa yake ya BUZIGAHILL, huchukua mitumba ya masoko ya jiji hilo, huikata, huiunganisha upya kwa mtindo wake, kisha huiuza katika nchi zilikotoka nguo hizo. Fulana nne za bei ndogo zinakuwa vazi moja lenye thamani, na thamani yote iliyoongezeka ni ya jicho na mkono wa fundi wa Uganda.

Karibu zaidi na Dumila kuna mfano uliozaliwa kanisani. Msafiri akifika Mikumi na kushika barabara ya Iringa, akapanda mlima Kitonga, atakuta mjini Iringa karakana ya Neema Crafts. Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana iliianzisha mwaka 2003 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ikiwa na vijana watatu viziwi. Bidhaa yao iliyojulikana mapema ni karatasi iliyotengenezwa kwa kinyesi cha tembo: nyuzi za majani ambazo tembo hakuzisaga huoshwa, huchemshwa, hutandazwa na kukaushwa. Baadaye zikaja kazi za ufumaji, ushonaji na shanga. Waliokuwa wakionekana mzigo katika familia zao wakawa ndio wanaoleta mshahara nyumbani. Kilichotupwa na tembo kilifanywa kadi ya salamu, na hilo linavutia watalii. Lenye uzito zaidi ni kwamba kanisa liliwaona watu ambao jamii ilikuwa imewaweka kando, likawapa ufundi.

Ardhi ya Dumila yenyewe imewafundisha watu wake juu ya kupoteza. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika Kilosa, ukawaacha maelfu bila makazi na kuharibu reli. Januari 2014 mafuriko yakazikumba Dumila na Magole, daraja la Mkundi likaharibika, barabara kuu ikakatika, na familia zikahamia kwenye mahema. Aliyetoka nyumbani na nguo ya mwilini pekee hakutakiwa kushukuru kwa ajili ya maji. Kama alishukuru, alishukuru kwa pumzi iliyobaki na kwa jirani aliyefungua sanduku lake akatoa kanga ya pili. Jirani huyo aliweza kuitoa kwa sababu aliitunza.

Makanisa ya hapa yana desturi moja inayobeba mambo haya yote: sikukuu ya mavuno. Waumini huleta debe la mahindi, kuku, mayai, mkungu wa ndizi, boga. Ibada ikiisha, mnada hufanyika nje. Mtu hulinunua boga kwa bei kubwa kuliko ya sokoni, kisha hulirudisha mnadani, linanunuliwa tena, na wakati mwingine boga moja huuzwa mara tatu kabla ya kufika jikoni. Mali ya shukrani inazunguka na kila mzunguko unaongeza kitu kwenye mfuko wa kanisa. Meza moja ya nguo zilizotengenezwa upya na mikono ya waumini ingekaa vizuri kabisa pembeni ya mahindi hayo.

Na iko kazi moja inayongoja mikono hiyo. Tangu Januari 2016 shule za serikali, za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, hazitozi ada, lakini sare bado ni ya mzazi. Kila Januari shati jeupe, sketi au kaptula na sweta huwa mzigo kwa kaya ambayo imemaliza akiba yake kwenye mbegu na kibarua cha palizi. Wakati huohuo, watoto waliomaliza darasa la saba mwezi Septemba wana sare nyumbani ambazo hawatazivaa tena. Umoja wa akina mama wa kanisa moja unaweza kuzikusanya, kuzitenga kwa ukubwa, kuzitia vifungo na kuzishushia pindo. Vyuo vya VETA viko Mikumi na Dakawa, na kijana aliyejifunza ushonaji popote anaweza kuombwa siku moja ya juma. Orodha ya watoto wenye uhitaji ipo kwa walimu wakuu na wenyeviti wa vitongoji, Wakristo na Waislamu pamoja. Sare ikabidhiwe kwa mzazi nyumbani kwake, ikiwa imepigwa pasi na kukunjwa, bila mtoto kusimamishwa mbele ya watu. Parokia au usharika utakaoanza mwezi Septemba una miezi mitatu na zaidi ya kufua, kugeuza kola na kushona kabla shule hazijafunguliwa.